Sindano ya Shavuni na Dhamana ya Tabibu

Watu wa Mbeya na Iringa wanaijua baridi ya Juni na Julai. Kwa mgonjwa wa mshipa wa tano wa fahamu, ule unaopeleka hisia za uso, maji ya udhu wa alfajiri hupiga shavuni kama umeme. Wengi hudhani ni jino. Jino hung'olewa, maumivu yakabaki. (Huyu na apashe maji moto, wala imamu asimkemee.)

Dawa zikishindwa, hutajwa sindano. Njia ya kupita shavuni hadi kwenye tundu la chini ya fuvu ilielezwa na Härtel wa Ujerumani mwaka 1912. Mwaka 1983 Mullan na Lichtor wa Marekani wakaeleza puto dogo linalobana fundo la mshipa huo. Uso haupasuliwi. Lakini sindano hupita jirani na mshipa mkubwa wa damu uendao kwenye ubongo. Kwa nadra mshipa huo hutobolewa, au homa ya uti wa mgongo huingia, au moyo hupunguza mapigo ghafla puto linapobana. Wako ambao jicho hufa ganzi, vumbi likiingia hawahisi, hata kioo cha jicho kikapata kidonda. Baya zaidi ni uso kufa ganzi kisha ukauma ndani ya ganzi hiyo hiyo.

Je, tabibu anadhamini? Swali si geni. Al-Zahrawi wa Qurtuba, aliyefariki mwaka 404 H (1013), alitumia chuma cha moto kwa kupooza uso na kipandauso. Alisimulia habari ya tabibu jahili aliyepasua uvimbe shingoni mwa mwanamke, akakata mishipa, damu ikamwagika hadi mama yule akafa mbele yake.

Ibn al-Qayyim wa Damascus, aliyefariki mwaka 751 H (1350), aliipambanua mas-ala hii vizuri kuliko wengi. Jahili ajifanyaye tabibu hudhamini, kwa Hadithi aliyoipokea Abu Daud. Mjuzi aliyepewa idhini, akaitimizia kazi haki yake, kisha madhara yakaenea kutokana na kitendo kilichoruhusiwa (ndiyo siraya), hadhamini. Lakini mjuzi ambaye mkono wake umekosea hudhamini, ingawa hakukusudia.

Kwa hiyo, kwa ninavyoona, jicho lililokufa ganzi ilhali sindano ilikuwa mahali pake ni siraya. Mshipa wa damu uliotobolewa kwa kukosea njia ni mlango mwingine, na kuupambanua huo kunataka ushahidi wa matabibu wajuzi, si hasira za ndugu wa mgonjwa. Wallahu aalam.

Imebaki idhini yenyewe. Mtu aliyesafiri zaidi ya kilomita 800 kutoka Mbeya hadi Dar es Salaam asiwekeshwe dole gumba kabla hajaelezwa haya yote kwa lugha anayoielewa. Na akirudi nyumbani, alitazame jicho lake kila siku kwenye kioo, maana likiumia halitamwambia.