Kindu na Ndola, 1961: Ushahidi wa Maiti katika Misiba ya Anga

Usiku wa kuamkia tarehe 18 Septemba 1961, ndege iliyomchukua Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, Dag Hammarskjöld, ilianguka karibu na Ndola, katika Zambia ya leo. Kati ya watu 16, mmoja tu aliokolewa, naye akafa baada ya siku chache. Tarehe 11 Novemba, huko Kindu, mji wa Maniema ulio kando ya mto Lualaba, magharibi ya machimbo ya bati ya Kalima, wanajeshi 13 wa anga wa Italia waliuawa. Walikuwa wameleta mahitaji ya kikosi cha Malaya kwa ndege mbili. Askari wa Kongo waliwadhania kuwa mamluki.

Uchunguzi wa maiti za ajali za ndege ulikuwa bado elimu changa. Mwaka 1954, baada ya ndege ya Comet kuanguka baharini karibu na Elba, wataalamu wa Pisa walitambua katika mapafu ya wafu dalili za shinikizo la hewa kushuka ghafla. Jeshi la Anga la Uingereza nalo likaanzisha idara yake huko Halton, chini ya J. K. Mason.

Ndola ilipata faida ya elimu hiyo. Madaktari Ross na Smith walishirikiana na Stevens, mwanapatholojia wa jeshi hilo. Risasi zilizokutwa katika maiti za walinzi zilichunguzwa, ikaonekana hazikupita katika mtutu wa bunduki, bali zililipuliwa na moto.

Kindu haikuwa na mchunguzi wa namna hiyo. Daktari wa msafara, Luteni Francesco Paolo Remotti, alikuwa miongoni mwa waliouawa. Kwa miezi kadhaa ilivuma kwamba miili ilikatwakatwa na kutupwa mtoni, hata mapema mwaka 1962 ilipofukuliwa Tokolote na kurudishwa Pisa, makao ya kikosi chao.

Tofauti hiyo ina uzito. Kuanzia mwaka 2015, Mohamed Chande Othman wa Tanzania alipoongoza uchunguzi mpya wa Umoja wa Mataifa kuhusu Ndola, taarifa za madaktari wa 1961 zilikuwapo ili zipimwe upya. Huduma ya namna hii, basi, haisimami kwa jengo. Husimama kwa mjuzi anayehamishwa upesi hadi walipo wafu, akaandika alichokiona kabla uvumi haujageuka historia.