Pacha wa Picha Iliyoungua

Carl Theodor Dreyer, Mdenmark, alipopewa na kampuni moja ya Ufaransa kazi ya kutengeneza picha ya sinema juu ya Jeanne d'Arc, hakutaka farasi wala mapigano. Alizishika hati za kesi ya msichana yule aliyechomwa moto mjini Rouen tarehe 30 Mei 1431. Mwaka 1927 akamweka Renée Falconetti mbele ya kamera, uso mtupu bila poda wala rangi, akaupiga picha uso huo kwa karibu mno, akifuata mwendo wa kesi tangu mwanzo hadi mwisho. Kila tendo lilirudiwa mara nyingi. Katika marudio hayo aliteua moja, mengine akayaweka kando; na hayo yaliyowekwa kando ndiyo kiini cha habari hii.

Picha ilionyeshwa kwanza Copenhagen tarehe 21 Aprili 1928. Ilipofika kwa watazamaji wa Paris mwezi wa Oktoba ilikuwa imekwisha pitiwa na mkasi, kwa matakwa ya Askofu Mkuu na ya wakaguzi wa serikali, wala Dreyer hakuulizwa. Kisha tarehe 6 Desemba moto ukazuka Berlin, katika maabara ya kampuni ya Ufa, ukaiteketeza negativu. Mikanda ya siku zile ilikuwa na naitreti ndani yake, kitu kisichohitaji cheche kubwa.

Dreyer akarudi kwenye marudio aliyoyaacha. Kutokana nayo akaunda picha nzima mara ya pili, tukio kwa tukio, kwa mpango ule ule wa kwanza. Mwaka 1929 ikaelezwa kuwa hii nayo imeungua. Hata hivyo haikutoweka duniani: baada ya vita, Lo Duca aliiona negativu yake katika hazina ya Gaumont, na mwaka 1952 akaitoa upya pamoja na muziki wa Bach, Vivaldi na Albinoni. Ukanda wa sauti ulimega ukingo wa picha. Dreyer hakupendezwa, na mtu aweza kumwelewa: kazi aliyoijenga juu ya ukimya ilivikwa vinanda asivyoviomba.

Basi kwa muda wa zaidi ya miaka 50 watu wengi walioipenda picha hii waliipenda kwa kumtazama pacha wake. Hapa pana jambo la kustaajabisha kuliko mioto yote miwili. Sifa ya Dreyer ilikuwa ya mtu asiyeridhika mpaka apate sura moja isiyo na badala. Na wengi waliomsifu hivyo walikuwa wakizitazama sura zile zile alizoziweka kando.

Mwaka 1981 makopo ya mikanda yalionekana kabatini katika Dikemark, hospitali ya wagonjwa wa akili karibu na Oslo. Yalipelekwa kwenye Taasisi ya Filamu ya Norwei, na yalipochunguzwa mwaka 1984 ilidhihirika ya kuwa ndani yake mna nakala yenye maandishi ya Kidenmark, kama picha ilivyokuwa kabla ya mkasi wa Paris. Dreyer alikuwa amekufa tangu mwaka 1968.

Wasomaji wa tendi wanaifahamu kazi iliyofuata. Nakala za mkono za *Al-Inkishafi* hazilingani kwa idadi ya beti, na mhariri hana budi kuuliza neno lipi ni la mshairi na lipi ni la mwandishi aliyenakili. Lakini katika habari hii swali hilo halitoshi, kwa kuwa picha zote mbili zilitoka mkononi mwa Dreyer. Mwenye kuziweka bega kwa bega huona mahakimu wale wale, maswali yale yale, moto ule ule. Ila uso hauinuki kwa wakati ule ule, wala chozi halifuati njia ile ile shavuni. Hata mwendo wa mashine huzaa tofauti: picha ya Oslo ikipitishwa kwa fremu 20 kwa sekunde huchukua dakika 97, kwa fremu 24 dakika 81, na katika dakika hizo 16 huzuni hubadili uzito.

Ni haki picha ya Oslo itangulie, kwani ndiyo aliyoiteua Dreyer alipokuwa na vyote mbele yake; ya pili aliiteua katika mabaki. Lakini kumwita pacha huyo nakala mbovu ni dhuluma, si kwa Dreyer, bali kwa Falconetti. Alipolia mbele ya kamera hakujua ni chozi lipi litakalochukuliwa na lipi litakaloachwa koponi.