Ngitili: Malisho Yaliyofungwa kwa Makubaliano

Jijini Mwanza ukoka ni nyasi ya bustani. Hupandwa mbele ya nyumba za Capri Point, humwagiliwa, hukatwa kila ukirefuka. Ukishuka kusini kuelekea Misungwi na Kwimba, nyasi hiyohiyo ni chakula cha ng'ombe, na imepiganiwa.

Ung'oe mche mmoja uutazame. Shina limelala chini, na kila kifundo kilichogusa udongo kimeshika mizizi yake. Mashina mengine yamepita chini kwa chini na kuchomoza mbele. Ndiyo maana ukoka hustahimili kwato na hata moto. Hata hivyo, malisho yanayoliwa mwaka mzima bila kupumzishwa huchakaa, na Wasukuma wa huko walilijua hilo zamani.

Dawa yao ni ngitili. Mvua zikianza, familia au kijiji hufunga kipande cha malisho, ng'ombe wasiingie. Kiangazi kikikolea, hufunguliwa kwa mafungu: moja likiisha ndipo jingine linafuata. Hulengwa hasa ndama, ng'ombe wa maziwa na maksai wa kulimia, maana hao hawawezi kupelekwa malisho ya mbali. Uzio haukuwepo. Aliyevunja mwiko aliitwa mbele ya dagashida, baraza la wanakijiji, akatozwa faini.

Mwaka 1947 serikali ya kikoloni ilileta Mpango wa Maendeleo ya Usukuma. Wafugaji waliamriwa kupunguza mifugo, wakulima wakapewa masharti lukuki. Mmomonyoko wa udongo ulikuwepo kweli. Kosa lilikuwa kutumia amri na faini za bwana shamba mahali ambapo watu tayari walikuwa na utaratibu wao. Chuki ikapanda. TANU, chama kilichodai uhuru, ilipigwa marufuku Usukumani kuanzia 1954 hadi 1958, na bado wakulima waliendelea kuikimbilia.

Pigo zito zaidi lilikuja baada ya uhuru. Operesheni Vijiji ya miaka ya 1974 na 1975 ilihamisha familia hadi vijiji vipya, ngitili zikabaki nyuma bila mwenyewe. Nani angezilinda? Mashamba ya pamba nayo yalikuwa yakizidi kumega malisho.

Kufikia 1986, mkoani Shinyanga, ambako nako ni Usukumani, zilikuwa zimesalia hekta 600 hivi tu za ngitili. Mwaka huo ulianza mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI. Baada ya muda maofisa wake walifanya jambo la busara: waliwasikiliza wafugaji, wakaviachia vijiji vifunge malisho yao vyenyewe, sungusungu, walinzi wa jadi wa vijiji, wakisaidia ulinzi. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 ngitili za mkoa huo, ambao wakati huo ulikuwa mkubwa kuliko wa leo, zilikuwa zimepita hekta 300,000. Amri za 1947 hazikuwahi kuvuna kitu cha namna hiyo.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inaviruhusu vijiji kutenga ardhi ya pamoja. Kijiji cha Kwimba au Magu kinachoandaa mpango wa matumizi ya ardhi kiwaulize kwanza wazee ngitili zilikuwa wapi, na mipaka hiyo iandikwe kabla ardhi haijapimwa viwanja.