Shilingi Themanini Juu ya Kilo

Ukitoka Nzega, lami inagawanyika Tinde: kushoto Kahama na malori yaendayo Rwanda, kulia Shinyanga mjini na Mwanza. Kwa wakulima wa njiapanda hiyo, mkono wa Serikali wakati wa dhiki umekuja mara nyingi ndani ya gunia.

Wazee hawajasahau mahindi ya njano. Mvua zilikata 1973 na 1974, miaka ileile Operesheni Vijiji ilipowang'oa Wasukuma kwenye maboma yao na kuwapanga mistarini. Nchi ikaagiza nafaka ng'ambo, nyingine kutoka Marekani. Watu wakauita unga wake "Yanga", kwa rangi ya jezi ya klabu hiyo ya soka, nao hata shabiki wa Yanga aliula amenuna. Ukame wa 2006 nao ulileta mahindi ya hifadhi ya chakula ya taifa, yakauzwa shilingi 50 kwa kilo.

Habari ya fedha taslimu ni nyingine, na chanzo chake ni pamba.

Mwaka 1952 serikali ya kikoloni iliunda bodi ya kuuza pamba nyuzi na mbegu zake. Bei ya dunia ikipanda, sehemu ya mauzo iliwekwa akiba. Ikishuka, akiba ichotwe kushikilia bei ya mkulima. Fidia ilikuwa jasho lake mwenyewe, limecheleweshwa tu. Vyama vya ushirika vilivyoongozwa na Paul Bomani viliungana mwaka 1955 na kushika ununuzi, lakini ufunguo wa akiba haukuwa mikononi mwa mkulima. Soko lilipofunguliwa mwaka 1994, alibaki uso kwa uso na bei ya dunia.

Bei hiyo ilianguka vibaya mwaka 2008. Katikati ya mwaka, ratili moja ya pamba nyuzi ilikuwa karibu senti 80 za dola. Mwishoni, kama 55. Wanunuzi waliokopa benki na kununua kwa bei ya juu walikwama na marobota. Juni 2009, Dodoma, Rais Kikwete alitangaza mpango wa shilingi trilioni 1.7 wa kuunusuru uchumi. Ndani yake mlikuwa na fidia ya hasara za wanunuzi wa pamba na kahawa, kampuni na vyama vya ushirika. Mkulima naye alipata nyongeza: mnunuzi alipe 360 kwa kilo, Serikali iongeze 80, iwe 440.

Tupige hesabu mbele ya mizani. Ekari mbili zikitoa kilo 600, mkulima anaondoka na 264,000. Humo ya Serikali ni 48,000, na hapo bado hajatoa madeni ya dawa wala ya vibarua wa palizi. Aliyevuna kidogo kwa sababu ya ukame alipata ruzuku kidogo vilevile, kwani ilifuata uzito wa pamba, si ukubwa wa shida.

Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, TASAF, ulibadili kipimo. Mpango wa kunusuru kaya maskini, uliozinduliwa 2012, haukuuliza kilo. Malipo yalipangwa kutolewa kila miezi miwili, mwanzoni mkononi kijijini, baadaye kwa baadhi kupitia simu. Anayepokea mara nyingi ni mama wa kaya, yuleyule aliyechuma pamba mwaka 2009 huku stakabadhi ikiandikwa jina la mume.