Harrier ya Haibridi: Ilikotoka, na Kilichomo Chini ya Kiti cha Nyuma



Bi harusi mmoja niliyekuwa nikimpima gauni la nikaha aliniuliza swali nikiwa bado na pini mdomoni. Mahari yake keshayapokea taslimu, ana na akiba yake ya kuuza udi na ubani, na nia yake ni kununua gari ya kubebea biashara na, inshaallah, watoto. Kaipenda Harrier ya haibridi. Kaka yake kamwambia asiiguse, betri ikifa na gari imekufa. "Dada, wewe unayo. Ni kweli?"

Nilimjibu kwa ufupi maana mgongo wa gauni ulikuwa haujafungwa. Jibu lenyewe refu, na linaanzia mbali kuliko Japani.

Mwaka 1900, mjini Vienna, kijana mmoja aitwaye Ferdinand Porsche alikuwa akifanya kazi kwa Lohner, kiwanda kilichozoea kutengeneza magari ya kukokotwa na farasi. Porsche aliunda gari yenye mota za umeme ndani ya magurudumu yenyewe. Tatizo likawa betri: nzito mno, na umeme wake hauendi mbali. Akaongeza injini ya petroli, lakini injini ile haikuzungusha magurudumu. Kazi yake ilikuwa kuzungusha jenereta, jenereta itoe umeme, umeme uende kwenye mota. Akaipa jina la Kilatini, Semper Vivus, maana yake hai daima. Kwa hiyo anayekwambia haibridi ni mambo ya juzi, mwambie ina umri mkubwa kuliko bibi yake.

Zama hizo gari za umeme tupu zilikuwa zikiuzwa sana Marekani, na matangazo yake yaliwalenga wanawake. Sababu ni kwamba gari ya petroli iliwashwa kwa kuzungusha hendeli mbele ya injini, na hendeli ile ikirudi nyuma ghafla huvunja mkono. Ya umeme unakaa tu na kuondoka, bila moshi na bila kuchafua nguo. Henry Ford, ambaye gari zake za petroli zilienea dunia nzima, mkewe Clara aliendesha Detroit Electric, gari ya umeme ya kampuni nyingine! Mimi kisa hiki hunichekesha kila nikikikumbuka. Mume anauza petroli kwa walimwengu, nyumbani bibie hataki.

Lakini mwaka 1912 Cadillac ilitoka na mota ndogo ya umeme ya kuwashia injini, kazi ya Charles Kettering, na hendeli ikaanza kuondoka. Petroli ilikuwa rahisi, gari za Ford zikazidi kushuka bei, na za umeme zikasahauliwa kwa miaka mingi.

Kilichowaamsha watu ni mwaka 1973. Mwezi wa Oktoba nchi za Kiarabu zilizuia mafuta yao yasiende Marekani na kwa nchi nyingine zilizoisaidia Israel vitani, na katika miezi michache bei ya mafuta duniani ikapanda karibu mara nne. Wakati huo mhandisi wa Kimarekani, Victor Wouk, alikwishachukua Buick Skylark na kuigeuza haibridi, ikapimwa na wakubwa wa serikali, kisha ikaachwa. Japani hawakuwa na nafasi ya kuacha. Nchi ile mafuta yake karibu yote yanatoka nje kwa meli, na funzo la 1973 liliwaingia mifupani. Sisi watu wa visiwani, ambao petroli, unga na hata vitambaa vyangu vinakuja kwa bahari, tunaweza kuwaelewa.

Miaka ya 1990 Toyota walianzisha mradi wa gari ya karne ya 21, na aliyeuongoza ni mhandisi Takeshi Uchiyamada. Wakubwa wake walitaka gari itakayokwenda mara mbili ya masafa ya gari ya kawaida kwa mafuta yaleyale. Injini peke yake isingeweza, ndipo wakarudi kwenye fikra ya kuchanganya petroli na umeme. Gari ya kwanza ya majaribio ilikaa siku 49 bila kusogea, wahandisi wakitafuta kosa usiku na mchana. Fundi cherehani aliyewahi kufumua koti la harusi mara tatu anajua hali ile, ingawa siku 49 hata mimi ningelitupa koti. Mwishowe gari ikatoka Desemba 1997, mwezi uleule dunia ilipokutana Kyoto kujadili hali ya hewa. Ndiyo Prius.

Mwezi huohuo, Desemba 1997, Toyota wakatoa na gari nyingine: Harrier. Hii haikuhusiana na kubana mafuta hata kidogo. Ilikuwa na umbo la juu kama gari za kupandia milima, lakini chini yake misingi ni ya Camry, ndiyo maana haikurushi kama jipu la polisi. Nje ya Japani iliuzwa kwa jina la Lexus RX. Ikapendwa, na toleo lake la pili ndilo lile ambalo bara wamelipa jina la utani la kiungo cha nyani. Mnalijua, sitaliandika hapa.

Basi ndugu wawili wa mwezi mmoja, mmoja mchumi na mmoja mpenda raha. Kuwaunganisha kulichukua miaka. Mwaka 2001 Toyota walitia haibridi kwenye Estima, gari ya familia ya viti vingi. Mwaka 2004 Ford wakawatangulia huko Marekani kwa Escape ya haibridi. Machi 2005 ikaja Harrier Hybrid, pamoja na ndugu yake Kluger: injini ya silinda sita, lita 3.3, mota ya umeme mbele na nyingine nyuma. Nasema ukweli wangu, ile ilikuwa haibridi ya mtu mwenye haraka. Umeme ulitumika kuongeza nguvu kama ulivyotumika kuokoa mafuta. Kwa mama wa nyumbani toleo la maana ni lililofuata, lililotoka Januari 2014: silinda nne, lita 2.5. Hilo ndilo analolitaka bi harusi wangu, na ndilo ninaloliendesha.

Ufanyaji kazi wake nauelezea hivi. Ukiondoka taratibu, mota ya umeme inakuvuta. Ukitaka nguvu, injini inaingia. Ukikanyaga breki, mota inageuka jenereta: nguvu ambayo gari nyingine huipoteza kwa kuchemsha breki, hii huirudisha kwenye betri. Ndiyo maana faida yake kubwa iko Darajani na Mwanakwerekwe, kwenye foleni za ondoka simama, kuliko njia ndefu ya Makunduchi isiyo na breki. Huichomeki popote. Inajichaji yenyewe.

Hili la kutochomeka kwangu lina uzito. Wenye umri wangu mnakumbuka Desemba 2009, waya wa umeme kutoka bara ulipoharibika, Unguja ikakaa gizani karibu miezi mitatu. Mimi nilikuwa najifunza kushona, na kilichotuokoa ni cherehani za miguu. Waya mpya ulilazwa baharini ukazinduliwa 2013 na mambo yametengemaa, alhamdulillah, lakini bado siwezi kuamini gari inayosubiri soketi ya ukutani.

Zinafikaje kwetu? Wajapani wanaendesha kushoto kama sisi, usukani wao uko kulia. Na huko kwao gari mpya hukaguliwa na serikali baada ya miaka mitatu, kisha kila baada ya miwili, na ukaguzi ule una gharama. Wengi wakiona gari imeanza kuzeeka huiuza. Ndiyo hizo tunazozipokea bandarini Malindi zikiwa safi, zikinukia upya, na umri wake umejificha.

Umri unajificha wapi? Chini ya kiti cha nyuma. Betri kubwa ya Harrier ya 2014 ni ya nikeli, imekaa chini ya viti vya abiria wa nyuma, na betri za namna hii huchoka kwa miaka, kwa kazi na kwa joto. Rangi inaweza kupigwa upya na viti vikaoshwa, lakini betri huioni.

Kuna hadithi mashuhuri, Mtume (S.A.W.) alipita sokoni akatia mkono ndani ya lundo la chakula akakuta chini kumelowa. Muuzaji akasema ni mvua. Mtume akamuuliza kwa nini hakukiweka juu watu wakione, kisha akakemea vikali mwenye kuhadaa. Mimi kila nikifikiria biashara ya haibridi za mtumba namkumbuka muuzaji yule. Aliyeniuzia yangu alijua. Taa ya onyo ilikuwa imefutwa kwa mashine asubuhi ya siku niliyokwenda kuitazama, na ikawaka tena wiki ya tatu, nikiwa njiani kupeleka maguo ya harusi Nungwi. Jina lake silitaji, nimemwachia Mola.

Lakini na mimi nilikuwa na kosa langu. Betri ile hupozwa na feni inayovuta hewa kutoka ndani ya gari, na matundu yake yako hapo kwenye kiti cha nyuma. Mimi nilikuwa nikilaza maguo ya harusi na majora ya vitambaa juu yake, mifuko ya nailoni ikaziba matundu yote. Fundi alipofungua feni alitoa bonge la nyuzi na vumbi la kitambaa, rangi zote za msimu: dhahabu, kijani, pinki. Alilishika mkononi akanitazama tu. Sehemu za betri zilizokufa zikabadilishwa, pesa nilizoweka za cherehani mpya zikaenda zote, na gari haijasumbua tena mpaka leo.

Kwa hiyo kaka yake amekosea, lakini si sana. Betri ikichoka gari haijafa, ila gharama yake lazima iwemo kwenye hesabu siku ya kununua. Nilimwambia awe na fundi wake mwenyewe mwenye mashine ya kupimia haibridi, asome hali ya betri sehemu moja moja, na waiendeshe gari nusu saa nzima siyo kuizungusha uwanjani. Muuzaji akikataa, aage aende. Na nyaya nene za rangi ya chungwa asimruhusu fundi yeyote wa mtaani aziguse. Umeme ule ni wa mamia ya volti na unaua.

La pesa aliniuliza pia, kwa vile mahari na akiba havitoshi na anaogopa riba. Hapa kwetu PBZ wana kitengo chao cha Kiislamu tangu 2011, na utaratibu wa murabaha unajulikana: benki inanunua gari iwe yake kwanza, kisha inakuuzia kwa faida mliyokubaliana, na bei ile haiongezeki. Asome mkataba wote na amwonyeshe sheikh anayemwamini. Mimi fundi cherehani, fatwa sitoi.

Nilimalizia na jambo ambalo hakuniuliza. Kadi ya gari iandikwe jina lake. Mahari ni mali yake kwa sheria ya Allah, na kilichonunuliwa kwa mahari ni chake vilevile. Mume mwema haogopi kadi. Alicheka, akasema mchumba wake ndiye aliyesema hivyo kwanza.

Harusi imepita, mashaallah. Gari bado hajapata. Mbili amekwishazikataa, ya pili muuzaji alisema mashine ya fundi wetu mbovu. Jumamosi tunakwenda kuangalia ya tatu, Fuoni, na safari hii nimemwambia fundi aanze na kiti cha nyuma.