Aliyeshona kava la santuri (Sehemu ya 6)

Mama zangu, leo tuongelee kava la santuri. Mnalijua lile la The Beatles la 1967, Sgt. Pepper's, watu maarufu wamejipanga kama picha ya harusi? Hiyo ni sanaa ya pop yenyewe. Ukiuliza nani kalitengeneza, wengi watakutajia Peter Blake, Mwingereza. Jamani, walikuwa wawili! Yeye na mkewe wa wakati huo, Jann Haworth, Mmarekani. Grammy ya 1968 walipewa wote.

Jann alikuwa anashona. Yule bibi wa kitambaa aliyekaa pembeni ya kava, na mdoli aliyempakata, ni kazi ya mikono yake.

Baadaye akasema wazi: wanawake mle walikuwa wachache mno. 2004 akaanza kuchora upya kava hilo ukutani, Salt Lake City. Kisha yeye na bintiye, Liberty Blake, wakaongoza picha ya wanawake 130. Tangu 2023 iko National Portrait Gallery, London.

Kwa hiyo wewe unayefuma kofia ya kichanga huku wodini, usiseme "nafuma tu". Na mwanao akiuliza kava lile ni la nani, mtajie wote wawili.