Shanga za Upemba na Ustadi wa Kioo

Malemba-Nkulu imo katika bonde la Upemba, ambamo Jacques Nenquin (1957) na baadaye Pierre de Maret walifukua makaburi ya kale. Humo zilipatikana shanga za kioo pamoja na misalaba ya shaba. Shaba iliyeyushwa na kumiminwa kalibuni Afrika ya Kati. Kioo kilivuka Bahari ya Hindi.

Je, yatosha kusema kwamba Mwafrika alinunua kioo tu? La hasha. Huko K2, karibu na mto Limpopo, baina ya miaka 1000 na 1200 hivi, mafundi waliziyeyusha shanga za kigeni katika kalibu za udongo, wakaunda shanga kubwa mpya. Basi tusiihesabu bidhaa ya kigeni kuwa ushahidi wa ujinga: mkononi mwa fundi iligeuka malighafi. Anayejifunza leo kuunganisha vioo tanurini aanzie hapo.